Kigali 1992: patroni wangu mlokole alivyokataa kushona koti la sita

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mpo?

Juzi nimepita kwenye ule uzi wenu wa wafanyabiashara wa Ulaya wanaopelekana mahakamani. Mmoja anasema dini yake haimruhusu kumhudumia shoga, mwingine anasema sheria inamlinda mteja. Mmetukanana kurasa kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyesema amewahi kuwa ndani ya duka siku jambo lenyewe linatokea.

Mimi nilikuwemo. Tena nimeshika mkasi.

Ninayoandika ni kweli tupu. Nikitia chumvi itakuwa kwenye habari ya wali wa harusi, maana ule wali mpaka leo nauota.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi cherehani kutoka Kasulu. Nikapitia Burundi nikaingia Kigali kutafuta maisha, nikapata kazi Kimisagara kule bondeni, kwa mzee mmoja mwenye karakana ya ushonaji. Tulimwita Patroni, yaani bosi, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Vita ilikuwa kaskazini, vyama vingi ndiyo vimeanza, kila mtu na kofia ya chama chake. Lakini watu walikuwa wanaoana balaa. Kila Jumamosi harusi, na sisi suti tu, suti tu.

Karakanani alikuwepo Patroni, mkewe Mama Devota wa vifungo na pasi ya mkaa, mafundi wawili wa hapo hapo waliokuwa wanabishana mpira kutwa, na mimi mkataji.

Sasa Patroni alikuwa mlokole wa kweli kweli, siyo wale wa Jumapili tu. Pale kwake mkasi haugusi kitambaa mpaka kiombewe. Asubuhi tunatandika vitambaa vyote vipya juu ya meza, wote tunaweka mikono, yeye anaomba: "Mungu, mwenye kuvaa nguo hii umpe amani nyumbani kwake." Anataja na jina la mtu. Halafu anachora msalaba wa chaki upande wa ndani.

Wateja walikuwa wanapenda mno. Wengine walitoka mbali wakipita mafundi kumi njiani, wanataka koti lililoombewa.

Na kitambaa kikishapata msalaba hakirudi kwa mwenyewe kikiwa kitambaa, lazima kitoke nguo. Kuna tajiri mmoja alibadili mawazo akataka kitambaa chake, Patroni akamwambia sala haifumuliwi. Yule bwana aligombana hadi akachoka, mwisho akaondoka na suruali asiyoitaka. Ilimkaa vizuri sana, by the way.

Basi, wiki mbili kabla ya harusi moja akaja mzee mmoja muuza mbao kutoka Gatsata, ndugu wa familia ya binti, na jora zima la kitambaa cha kijivu. Anataka makoti sita yanayofanana kwa wanaume wa upande wa binti. Ile sherehe ya kuposa wao wanaiita gusaba, na familia ya binti hukaa mbele ya watu wote, kwa hiyo mavazi siyo mchezo. Alikuwa na haraka, akasema wenye miili watakuja kupimwa wenyewe.

Kawaida Patroni anampima mtu kwanza, anaandika jina, ndiyo anaomba. Siku ile harusi zilikuwa zimetubana, akaliombea jora lote kwa mkupuo: "Kila mwanaume wa nyumba hii." Tukaligawa vipande sita, msalaba kwenye kila kipande. Tukaendelea.

Wakaja watano, wakapimwa. Alasiri akaingia wa sita.

Donati.

Donati alikuwa fundi wa redio, mita chache juu ya barabara yetu. Mtu mpole, mcheshi, redio yangu alishaitengeneza mara mbili. Aliishi na rafiki yake Gaspari, mpishi wa hoteli moja mjini, mwaka wa saba huo, chumba kimoja. Mtaa mzima ulikuwa unajua wale wanaishi kama mtu na mwenzi wake. Sitatumia lile neno mnalolipenda. Mtaa wenyewe haukuwa na neno, ulikuwa na kukohoa tu wakipita.

Donati akavua koti lake la zamani, akanyanyua mikono tayari kupimwa. Patroni futi ya kupimia iko shingoni, lakini hasogei.

"Donati, wewe iko mtu wa ile nyumba?"

"Mimi ndiye mkubwa wao, Patroni. Baba alishakufa. Siku ile mimi ndiye natoa dada yangu."

Patroni akasema taratibu, "Muvandimwe, ndugu yangu, mimi siwezi kukushonea. Siyo chuki. Mimi naombaga amani ya nyumba ya mtu. Nyumba yako naijua. Nitaiombea nini mbele ya Mungu?"

"Mimi sikukuja kuombewa. Nilikuja kushonewa."

"Hapa kwangu hiyo vitu viwili iko kitu kimoja."

Donati alikuwa bado kanyanyua mikono. Akaishusha polepole.

"Basi nitasimama na hili la zamani," akasema. "Wote sita watakaa mstari mmoja, mimi peke yangu tofauti. Watu watauliza kwa nini. Na mimi sitaulizwa, ataulizwa dada yangu, mbele ya wakwe."

Akatoka.

Wakuu, mimi nilikuwa nimeinama napima kitambaa ambacho nilishakipima. Fundi mmoja akacheka puani, na mimi nikacheka naye. Nilicheka kweli, na nimeandika ili mjue. Aibu ya kile kicheko ninayo mpaka leo.

Na msiniulize kuhusu sheria. Hakukuwa na sheria ya kumlinda yule, wala ya kumlazimisha Patroni. Angekwenda wapi kushtaki? Kwa konseye wa sekta, yule kama diwani wetu? Ili ajieleze yeye ni nani mbele ya ofisi nzima? Mafundi wengine wote walikuwa wamejaa kazi, na kitambaa chenyewe kilikuwa mezani kwetu.

Kesho yake nikakata makoti matano. Kikabaki kipande kimoja.

Patroni akasema bila kuniangalia, "Ikunje hiyo. Mtapeleka Gatsata."

Nikaanza kukunja. Nilipokigeuza nikaona msalaba wa chaki.

Sikuwa shujaa jamani. Nilikuwa mkataji anayeogopa kuvunja utaratibu wa kazi. Nikasema tu, "Patroni, hii imeombewa."

Cherehani zikanyamaza zote mbili.

"Imeombewa lini?"

"Jana, pamoja na zenzake. Jora zima."

Mama Devota alikuwa kwenye pasi. Akaiweka chini. "Mkono wangu ulikuwa hapo hapo juu ya kitambaa, nilikusikia. Ulisema kila mwanaume wa nyumba hii. Donati ni mwanamke?"

Yule fundi wa kucheka puani akafungua mdomo, "Sasa mama, hapo..." Mama Devota akaishika pasi tena. Fundi akakumbuka ana kola ya kushona.

Patroni akatoka nje akakaa kwenye kiti. Mchana hakula. Kesho yake hakula pia, akasema amefunga. Jioni akaenda kwa kikundi chake cha maombi kuomba ushauri, na asubuhi akarudi kanuna kuliko alivyokwenda.

"Wawili wamesema nichome kitambaa," akatuambia. "Kuchoma kitambaa cha mtu! Hiyo iko wizi. Mmoja amesema nishone nisiombe. Nimeshaomba, sasa? Mwingine ameuliza kama hiyo koti inaweza kumtosha yeye."

Tulijitahidi kutocheka. Tulishindwa. Hata yeye aliachia tabasamu kidogo pembeni ya mdomo.

Kisha akachukua futi yake. "Wewe Mutanzania, beba daftari. Twende."

Tulipanda mpaka kwa Donati. Mlango akafungua Gaspari, bonge la mtu, bado na aproni ya kazini. Alipomwona Patroni uso ukabadilika, nadhani alifikiri tumekuja na ubaya. Lakini Gaspari ni mpishi, na mpishi akiogopa anapika. Kabla hatujasema lolote tukawa tumekalishwa, mbele yetu chai ya maziwa na mandazi ya moto.

Hapo ndipo Patroni akanasa.

Yeye hakuwa anaweka kitu mdomoni bila kuomba, na akiwa kwa watu alikuwa lazima aibariki nyumba iliyomlisha. Hiyo ilikuwa desturi yake hata kwenye msiba. Kukataa chai ya mtu nyumbani kwake nako ni tusi, na Patroni hakuwa mtu wa kutukana watu. Akaangalia kikombe. Akaangalia andazi. Siku ya tatu ile hajala.

Gaspari, Mkatoliki wa watu, hana habari na mambo ya karakanani, akasema, "Rwose, kweli mzee, tuombee basi."

Patroni akafumba macho. Aliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia: "Mungu, amani kwa nyumba hii. Amina."

Akala mandazi manne. Niliyahesabu.

Halafu akasimama, akamwambia Donati, "Nyanyua mikono."

Alimpima muda mrefu. Mimi naandika namba. Alipofika mabegani akasita, akarudia. "Hii ya kushoto iko chini kidogo. Ni redio hizo, unainamaga sana."

"Ndiyo, Patroni. Usiku inauma."

"Nitaiwekea pedi. Haitaonekana."

Hilo ndilo pekee walilosemezana. Hakuna aliyeomba msamaha, hakuna aliyehubiri.

Koti lile Patroni hakuliachia mtu. Alilikata mwenyewe, akalishona mwenyewe, bitana akaitia kwa mkono wakati matano mengine tuliyapitisha kwenye cherehani.

Siku ya gusaba tulialikwa wote. Wasemaji wa pande mbili walitaniana kwa maneno yao mpaka wazee wanafuta machozi, watu wakanywa, na ule wali wenye nyama na njegere ukaja kwenye sinia kubwa. Hapa ndipo ningetia chumvi, ila haukuhitaji.

Wakati ulipofika, Donati akaingia amemshika dada yake mkono. Makoti sita ya kijivu mstari mmoja. Mabega yake yamenyooka. Binti anatabasamu, wakwe wanapiga makofi, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza kitu.

Nilimwangalia Patroni. Alikuwa haangalii bibi harusi, anaangalia mshono wa bega.

Tukiwa tunatembea kurudi nikajitia ujasiri nikamwuliza kama amebadili mawazo.

"Hapana," akasema. "Kile naamini, bado naamini."

Tukatembea kidogo.

"Lakini zile tano nilizishona kama kazi tu. Hii ya sita, kila mshono nilikuwa nabishana na Mungu. Sijawahi kukaa karibu na Yeye namna ile."

Mimi niliondoka Kigali mwaka uliofuata. Donati na Gaspari nao walihamia Bukoba kabla ya 1994, na mwaka wa harusi yangu waliniletea redio. Patroni na Mama Devota sijui walikoishia. Nimewaulizia kwa kila Mnyarwanda niliyekutana naye na hakuna jibu, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Nimejifunza nini? Siko upande wa wale wanaosema mwenye duka aache imani yake mlangoni. Patroni hakuiacha, aliibeba hadi kwa mtu na ikamlazimisha kula andazi. Wala sisemi sheria hazina maana. Siku ile Donati alikuwa na bahati ya msalaba wa chaki, na mtu asiachwe ategemee bahati ili asimame na wenzake kwenye harusi ya dada yake. Sheria ingemwokoa na zile siku alizokaa bila kujua. Kicheko changu, sidhani kama sheria ingekigusa. Hicho kilikuwa kazi yangu mwenyewe.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye maduka, semeni ukweli: mteja kama Donati akiingia kesho kanyanyua mikono, mtafanyaje? Na kama kuna mtu alikulia Kimisagara miaka hiyo, akamjua mlokole mwenye futi shingoni na mkewe wa pasi ya mkaa, tafadhali andika chochote. Hata kama ni kibaya, andika.