Baruti ya Madam Huda

Kabla hajawa mtu wa mizani, Jecinta alikuwa mtu wa geti. Miaka minne alisimama kwenye lango la klabu moja ya kulenga shabaha, pembeni mwa Dubai, akifungua na kufunga kizuizi, mpaka shati lake la kazi lililokuwa la buluu likabaki halina rangi ya kutajika. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa na tabia moja tu, ya kutazama watu kwa makini, tabia iliyomtia mashakani mara kadhaa kanisani lakini ikamfaa sana kazini.

Ndani ya klabu ile kuna chumba kidogo chenye kiyoyozi, ambamo risasi za wanachama wanaoshindana hujazwa upya kwa mkono. Ganda lililokwisha kutumika husafishwa, likatiwa fataki mpya ya kuwashia kitakoni, baruti ikapimwa na kumiminwa, kisha kichwa cha risasi kikakandamizwa juu yake. Mkuu wa chumba hicho alikuwa Rafiq, mzee wa Mombasa mwenye ndevu nyeupe, ambaye wafanyakazi wote walimwita Maalim. Msaidizi wake alipoacha kazi mwezi wa tisa, Maalim alikwenda kwa meneja akamtaka Jecinta.

"Yule wa getini," alisema. "Anajua namba za magari ya wanachama wote kwa kichwa. Mtu kama huyo hawezi kunisahaulia kipimo."

Meneja alikubali, lakini kwa majaribio. Jecinta angetengeneza risasi za Madam Huda za mashindano ya Desemba. Zikifaulu, kazi ni yake. Zikifeli, anarudi getini siku ya pili yake asubuhi. Siku hiyo Jecinta alirudi kwenye bweni la wafanyakazi huko Al Qusais akiimba, lakini lile shati la geti alilifua, akalipiga pasi na kulitundika kabatini. Alikuwa na furaha, ila hakuwa mjinga.

Madam Huda alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenyeji wa Dubai, mwenye miaka sitini na mmoja. Bibi yake alitokea Unguja, na nyumbani kwao Kiswahili hakikuachwa hata siku moja. Mara ya kwanza kumsikia Jecinta akizungumza Kiswahili chake cha bara, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mwanangu, hicho Kiswahili umekinunua wapi? Kirudishe, ukadai kingine."

"Aki Madam, nilikipata hivyo hivyo," Jecinta alijibu, na tangu hapo wakawa marafiki.

Mama huyu alipiga rivolva vizuri kuliko wanaume wengi wa klabu. Tatizo ni kwamba kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kumuuma, na risasi za dukani zilimpa kishindo kikubwa. Alitaka risasi laini. Lakini mashindano nayo yana sheria yake: risasi hupitishwa mbele ya mashine ya kupima mwendo, na zikionekana dhaifu kuliko kiwango, alama zote za mpigaji hufutwa. Kwa hiyo ilitakiwa risasi laini isiyokuwa legelege, na hapo ndipo uchaguzi wa baruti unapokuwa kazi ya kuumiza kichwa.

Maalim yeye hakuumiza kichwa. Alitoa kabatini mkebe wa baruti ya kijivu, punje ndogo ndogo, ambayo kidogo tu chini ya ganda hufanya kazi kubwa. "Hii nimekuwa nayo miaka ishirini," alisema. "Haina moshi, haina masizi." Mkebe wa pili, wa baruti yenye vipande vipana vyepesi, aliusukuma nyuma kwa kidole. "Na haya ni majani ya chai. Yachafua silaha tu."

Jecinta alipima, akajaza, akahesabu. Maalim akazijaribu mwenyewe, na mashine ikaonyesha namba nzuri, zimefuatana kama wanafunzi mstarini. Wakapongezana.

Wiki mbili kabla ya mashindano, Madam Huda akaja kuzijaribu. Alipiga sita. Nne zilikuwa chini ya kiwango.

Maalim alimtazama Jecinta kwa huruma, jambo lililomuuma kuliko kama angemkemea. "Mkono wako ulitetemeka, binti yangu. Hutokea." Jecinta alipima upya risasi zote za boksi lile, akizifungua moja moja. Hakuna iliyopungua hata chembe. Maalim akapendekeza waongeze baruti. Wakaongeza, Madam Huda akapiga mbili, akaiweka rivolva mezani na kukishika kifundo chake. Njia hiyo nayo ikawa khalas, imekwisha.

Basi Jecinta akarudia kazi aliyoizoea, akatazama. Alisimama nyuma ya kioo cha uwanja wa shabaha siku mbili nzima. Maalim, akijaribu risasi, alikuwa na mtindo wa kizamani: mtutu juu, kisha anaushusha taratibu mpaka kwenye shabaha. Madam Huda alifanya kinyume. Kabla ya kila risasi aliinamisha mtutu kuelekea chini, midomo ikamcheza kidogo, ndipo anauinua na kupiga.

"Madam, samahani," Jecinta aliuliza. "Hapo ukiinamisha bunduki, huwa unasema nini?"

"Bismillahi. Kwani mwenzangu weye huanza kazi bila ya kumtaja Mungu?"

Jecinta alikuwa ameshaanza kukimbilia chumbani. Alichukua ganda, akatia ile baruti ya Maalim, akaliziba kwa kidole na kuligeuza. Baruti ile kidogo yote ilikimbilia mdomoni mwa ganda, ikaacha kitako kitupu. Fataki ikiwaka huko nyuma, inawasha hewa kwanza, na risasi inatoka dhaifu! Mtutu wa Maalim ukiwa juu, baruti hukaa kitakoni pake. Mtutu wa Madam ukiinama, baruti hukimbilia mbele. Akachukua ganda la pili, akalitia majani ya chai. Kwa uzito kipimo kilikuwa kidogo, lakini vile vipande vipana vilijaa karibu ganda zima. Akaligeuza. Hakikusogea kitu.

"Maalim," alisema, "baruti yako ni nzuri, lakini haifai kwa Madam."

"Baruti ya miaka ishirini? Waniambia mimi?"

"Piga mwenyewe, lakini uanze kwa kuinamisha."

Maalim alipiga, akiwa amenuna. Risasi za baruti yake mwenyewe, mkononi mwake mwenyewe, zikafeli mbele ya mashine. Akapiga na za majani ya chai, alizojaziwa na Jecinta, mtutu ukianzia juu, kisha ukianzia chini. Namba zilikuwa zile zile. Mzee alikaa kitini, akavua miwani, halafu akaanza kucheka, kicheko kirefu cha kujicheka mwenyewe. "Wallahi, miaka ishirini! Lakini Madam si angeacha tu kuinamisha?"

"Niwache bismillahi kwa sababu ya baruti?" Madam Huda aliuliza kutoka mlangoni. "Abadan! Ibadilike baruti."

Siku ya mashindano Jecinta alisimama kando ya mashine. Madam Huda aliinamisha mtutu, midomo ikacheza, na Jecinta akajikuta na yeye anaomba Baba Yetu, haraka haraka, asije akachelewa. Risasi ikapita kiwango. Ya pili ikapita. Zote zikapita, na Madam hakukishika kifundo hata mara moja. Madam alishika nafasi ya pili, akamkumbatia Jecinta mbele ya watu na medali ikamgonga puani.

Kurudi chumbani, Maalim aliishika rivolva ya Madam kwa vidole viwili. Ilikuwa nyeusi kwa masizi.

"Si nilisema? Angalia uchafu huu. Tutausafisha kwa kitu gani kila wiki?"

"Vitambaa ninavyo," Jecinta alisema. Alifungua mkoba wake, akatoa lile shati la geti, bado lina mistari ya pasi, akachukua mkasi na kuanza kulikata, mkono wa kulia kwanza.