Mafuta ya Magunzi

Yotamu aliajiriwa kuosha chupa za maabara ya shule, na kwa miaka kumi na moja aliziosha vizuri kuliko nilivyoosha masufuria yangu. Mimi nilikuwa mpishi wa shule hiyohiyo ya sekondari, hapa Iringa, na tulikaa jirani Kihesa. Nilikuwa nikimtania kwamba atazikwa na brashi mkononi.

Mwaka 1975 kemikali za kutoka nje ziliadimika. Mwalimu Liberatus, wa kemia, akachora ubaoni pete ya kaboni nne na oksijeni moja. Alisema mafuta yenye pete hiyo yamo kwenye magunzi ya mahindi: yachemshe kwa maji, chumvi na asidi kidogo ya betri, kisha ukinge mvuke. Hakuna cha kuagiza Ulaya. Wakaguzi walikuwa wanakuja Ijumaa, na Yotamu akiwaonyesha chupa moja tu ya mafuta hayo, Mwalimu angempendekeza kwenda chuo. Kuosha chupa kungekwisha.

Baba yake, Mzee Gideoni, alileta magunia mawili ya magunzi kutoka Igowole, juu ya lori la mbao, akabaki kwa mwanawe. Yotamu alichemsha siku sita. Mafuta yalitoka rangi ya asali, yananukia kama karanga zilizokaangwa. Mwanga huyaharibu, kwa hiyo akayaficha nyumbani, chini ya kitanda. Vizibo vya kioo vilikuwa mali ya shule, hivyo akaziba chupa kwa gunzi, kama sote tunavyoziba chupa za nyumbani, ziwe za mafuta ya taa au za pombe.

"Umetoa nini kwenye magunzi yangu?" mzee akamuuliza.

"Maji yake tu, baba. Hamna dawa ya Wazungu humo."

Alikuwa anajisifu, basi. Namlaumu mpaka leo kwa maneno yale.

Alhamisi, Yotamu akiwa kazini, mzee aling'oa lile gunzi kwa meno, akaonja alichokitolea jasho. Mimi ndiye niliyemkuta sakafuni, anahema kwa shida. Hatukufika naye hospitali.

Ijumaa asubuhi Mwalimu alikuja msibani, akatoa pole, akamvuta Yotamu pembeni. Nilimsikia akinong'ona: wakaguzi wameshafika, je, chupani kumebaki chochote?

Yotamu aliingia ndani, akaitoa. Ilikuwa nusu. Alimkabidhi bila kumtazama, gunzi likiwa bado na alama za meno ya baba yake.

Chuo alipata. Sijamtania tena.