Niliitegea Sabufa ya Harusi ya Hafidha

Jumamosi ile alasiri nilisimama kwenye kipilefti cha Masika, hapa Morogoro mjini, nikimwomba Mungu gari la bibi harusi litoe moshi.

Sitanii. Niliomba kabisa.

Naitwa Rehani, nafunga muziki wa magari pale Mwembesongo. Bibi harusi alikuwa Hafidha, mchumba wangu. Haya, aliyekuwa mchumba wangu. Alinipiga chini bila maelezo. "Tusitafutane," basi. Muda si mrefu nasikia anaolewa na Abdulmajid, muuza matairi, mteja wangu mwenyewe!

Nikaapa huyu mwanamke atanitambua.

Halafu jamaa, bila hata haya, akaniletea gari la harusi.

"Fundi, yaliyopita yamepita. Nifungie ngoma, hadi Morningside huko mlimani wajue naoa."

"Ondoa shaka, bro," nikamjibu. Moyoni nacheka.

Watu wanadhani spika inaunguzwa na amplifaya kubwa. Wapi! Nilichukua amplifaya ndogo iliyoandikwa wati elfu tatu. Uongo wa kwenye boksi huo, mia tatu zenyewe inazitafuta kwa tochi. Nikaiunga na sabufa kubwa, kisha geini, kile kitufe cha kuongeza makali, nikakizungusha hadi mwisho. Amplifaya ikizidiwa hivyo inakwaruza, na makwaruzo yale ndiyo yanaipika koili, ule waya wa ndani ya spika. Asiyejua anasikia kelele tu, anadhani ndiyo nguvu.

Abdulmajid alipoijaribu akaruka. "Fundi, unatisha!"

Harusi zetu unazijua. Msafara ukifika kipilefti lazima uzunguke. Honi, vigelegele, mpiga video ananing'inia dirishani, na dereva anafungulia muziki wote. Nikajua hapo ndipo itaungua. Nilitaka Hafidha aaibike hadharani, shela lake linuke moshi wa koili, watu wamcheke kama nilivyochekwa mimi mtaani.

Msafara ukaja. Wakazunguka mara ya kwanza, ngoma inadunda. Wakazunguka tena, inadunda.

Nikatega sikio vizuri. Mbona haikwaruzi? Besi ilikuwa nzito, safi, inatetemesha vioo vya maduka.

Ungua basi! Ungua, mwanaharamu wewe!

Mara muziki ukakatika ghafla.

"Imekufa hiyo!" nikapayuka, hadi mama mmoja muuza ndizi akageuka kuniangalia.

Gari likaja kusimama mbele yangu. Hakuna moshi. Kioo kikashuka, Hafidha huyo, amependeza hadi nikachukia. Abdulmajid alikuwa ametoa kichwa dirisha la upande wa pili, anampungia mpiga video.

"Nimezima mimi," Hafidha akasema kwa sauti ya chini. "Gari lilipokuja kunichukua saluni nilisikia linakwaruza. Nikafungua buti, nikashusha geini. Nimeshinda kwenye karakana yako wee, Rehani. Mkono wako naujua."

Akanikazia macho, akaendelea.

"Unamkumbuka Frank, yule mteja wako? Alikutania mbele za watu, ukamuunguzia spika makusudi, halafu ukanisimulia huku unacheka. Siku ile nikajua nikikuudhi na mimi utanifanyia. Ndiyo maana niliondoka."

"Mumeo anajua?" nikauliza.

"Hajui, na sitamwambia. Nenda nyumbani."

Kioo kikapanda. Muziki ukarudi vilevile, mtaa mzima ukashangilia.

Mimi niliyeapa kumkomesha mtu nilitokwa na machozi pale pale, mbele ya muuza ndizi. Kwanza yalikuwa ya hasira. Baadaye, aisee, ilikuwa aibu tupu.

Tangu siku ile wateja wanamiminika. "Fundi, nifungie kama la harusi ya Abdulmajid!" Nawafungia, lakini roho inaniuma kila nikisifiwa, maana ile sauti aliiweka sawa Hafidha.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama kuna mtu amekuacha na sasa hivi unapanga kumnyoosha, jiulize kwanza kama si roho hiyo hiyo iliyomkimbiza. Mimi nilikuja kujiuliza wakati msafara umeshakata kona, unaelekea ukumbini.