Kukaa na Mkwe Hadi Bukoba

Watu wa Lalago walimjua Milembe kwa mambo mawili: pamba yake nyeupe pee, na jinsi alivyomkimbia mkwewe. Usukumani mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawakai pamoja, hilo kila mtu analijua. Lakini Milembe alizidisha. Siku moja alimwona Marcelo, mume wa binti yake Felisita, akija kwa baiskeli, akajitosa kwenye ua wa miiba mpaka kijana akapita. Alitoka na mikwaruzo mwili mzima, heshima yake ikiwa kamili.

Mwaka wa pili tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, Marcelo alifika ghafla na lori la pamba. Alikuwa mwalimu Bukoba, na simu ya hospitali ilimkuta Mwanza kwenye semina. Alisimama nje ya ua, mgongo kaugeuza, akazungumza na jirani Domitila kwa sauti ambayo hata mbuzi waliisikia. Mtoto wa Felisita amelala vibaya tumboni, hazaliki. Daktari anataka kumpasua kabla uchungu haujaanza, lakini Felisita amegoma katakata mpaka amwone mama yake.

"Mwambie mkwe wangu nakuja," Milembe alijibu kutoka ndani.

Alikaa mbele na dereva, Marcelo akapanda juu ya pamba, mambo yakaenda vizuri. Kumbe Mwanza meli ilishaondoka jana yake, na nyingine ni ya keshokutwa. Ilibaki ndege ya asubuhi, nayo ilikuwa na nafasi mbili tu, viti vilivyoshikana.

Milembe alikaa chini palepale uwanjani. "Bora niende kwa miguu!"

Siwema, karani wa uwanja, aliuliza kulikoni. Alipoelezwa hakucheka. "Mama, kuzunguka ziwa kwa barabara ni siku mbili, gari lisipoharibika. Kwa ndege ni kilomita mia na sabini na kitu. Robo tatu ya saa mmeshatua."

Milembe akapiga hesabu za jikoni. Muda huo hata maharage hayajaiva. "Aibu ya muda huo nitaiweza," akasema. "Binti yangu nikimkosa, nimemkosa moja kwa moja."

Ndani ya ndege walipeana visogo, yeye akikodolea dirisha, Marcelo akikodolea njia, shingo zikiwauma. Katikati ya ziwa ndege ikaingia wingu, ikadondoka kidogo. Milembe akashika kitu cha kwanza alichokikuta. Kilikuwa mkono wa mkwewe, nao ulikuwa umeking'ang'ania kiti.

"Unaogopa ndege, baba?" Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu ndoa.

"Hapana, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Namwogopea Felisita."

Milembe alitaka kuuachia mkono ule, akashindwa. Alimpenda kijana huyu miaka yote, na hakuwahi kupata njia ya kumwonyesha. Wakatua hivyohivyo.

Felisita aliwaona wakiingia wodini bega kwa bega. Akamtazama mama, akamtazama mume, akarudi kwa mama.

"Mayu! Mmekujaje pamoja?"

"Tumekaa kiti kwa kiti, huko angani," Milembe alisema, uso kauinamisha kwa aibu. "Aibu yangu nimeimeza kwa ajili yako. Na wewe meza hofu yako."

Felisita alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akamwomba nesi amwite daktari.