Visubi Kwenye Chungu cha Nderingo

Naikumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, na jana wewe ndiye uliyenirudisha huko bila kujua.

Nilikuwa nimeketi chumbani kwako Kaloleni, unanipikia chai. Mtoto analia mgongoni, wewe umeinama dirishani unamwagilia yale makopo ya samli uliyoyapandia maua. Ukamwagilia, ukanong'ona maneno fulani, ukamwagilia tena lile kopo la mwisho, la ua alilokuletea baba wa mtoto kabla ya kwenda Dar es Salaam. Hapo kitu cheusi, kidogo kuliko chembe ya ulezi, kikainuka kutoka kwenye udongo na kuja moja kwa moja mdomoni mwangu. Ulicheka. "Vidudu tu hivyo, bibi." Mimi sikucheka. Niliomba unirudishe nyumbani, nawe ukadhani chai imenishinda. Chai ilikuwa nzuri, ila sukari uliimwaga kama unalipwa. Kaa sasa nikwambie kilichonitoa chumbani kwako.

Wakati wa Mjerumani nilikuwa bi harusi kule juu, ukipandisha kutoka Usa River hadi migomba inapoanza kuguswa na baridi ya mlima. Mume wangu aliitwa Nderingo. Alikuwa mrefu, mwenye kucheka kwa urahisi, na nilimpenda, sioni haya kusema hivyo katika uzee huu. Askari wa boma walipokuja kutafuta watu wa kubeba mizigo, walimkuta anakunywa maziwa. Alikunywa nusu ya kibuyu, akakiweka chini, akamwambia mama yake, "Nusu hii nitaimalizia nikirudi." Wakamchukua na vijana wengine wa ukoo wetu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na Nashipai, binti yetu, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajaweza.

Mvua zikaja zikapita. Baadhi ya wenzake walirudi, wamekonda, hawataki kusimulia. Tukiwauliza habari za Nderingo wanatazama chini. Mmoja alisema alimwacha njiani anaumwa, mwingine akasema hapana, alimwona akivuka mto na mzigo wake. Hatukuletewa mwili wala nguo. Hapakuwa na mtu wa kutuambia lieni au msilie.

Mama mkwe wangu, mama yake Nderingo, akakata chipukizi la isale. Unalijua isale, lile la majani marefu tunalopanda mipakani na pale tunapowalaza watu wetu. Lakini hakulipanda nje. Kulipanda nje kungekuwa ni kusema mwanawe amekufa. Alilipanda ndani ya chungu cha pombe, akakiweka ndani ya nyumba, pembeni mwa zizi la ndama, mahali Nderingo alipokuwa akilala alipokuwa kijana. Na chungu chenyewe hakukitoboa. Siku hizo, mwanangu, chungu kilichotobolewa kitako kilikuwa cha makaburini tu. Tuliwawekea wafu wetu, na tulikitoboa ili aliye hai asije akakichukua na kukipikia. Mtu akiona chungu chenye tundu anajua mwenyewe yuko wapi.

Kisha akachukua ile nusu ya maziwa iliyokuwa imeganda kibuyuni, akaimimina kwenye udongo. Kuanzia hapo ikawa kila kukicha. Ng'ombe anakamuliwa, maziwa ya kwanza yanakwenda chunguni. "Anywe," alikuwa akisema. "Njia ni ndefu."

Mwanzo isale lilisimama vizuri na sote tulifarijika. Mimi pia. Nilikuwa nikipita karibu nalo naligusa jani kama mtu anayegusa bega. Ndipo yakaja majira ya ukungu, ukungu wenyewe wa Meru unaoingia mpaka ndani ya nyumba na kukaa kama mgeni asiyeaga, na udongo wa chungu kile haukukauka tena.

Asubuhi hiyo nilikuwa nafagia zizi. Nyumba zetu hazikuwa na madirisha, kwa hiyo hata mchana ungeona tu mwanga wa mlangoni na wekundu wa moto. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya chungu. Alisema polepole, "Nderingo." Alipotamka jina lile, udongo ukainuka. Ndivyo nilivyoona, mwanangu. Kitu cheusi, chembamba, kikapanda kutoka chunguni bila sauti, kikaenda usoni kwake na kumzunguka mdomo. Alipovuta pumzi kilisogea. Alipoitoa kikarudi nyuma. Hakupunga mkono. Alifumba macho, machozi yakamtoka, akasema, "Amenisikia."

Nilipokaribia niliona kwamba ni visubi, vidogo mno, vyenye miguu mirefu. Lakini kujua ni visubi hakukunisaidia kitu. Kwa nini vilitoka chunguni mwake? Kwa nini vilikwenda mdomoni, tena mdomoni mwa mtu anayemwita? Nikaendelea kufagia mahali nilipokwisha kufagia.

Habari ikaenea. Majirani wakaja, wakaketi, wakaita jina, wakaona visubi vinapanda. Wengine walitoka wakikimbia. Hapo mama mkwe akazidisha maziwa, asubuhi na jioni, na isale badala ya kunawiri likaanza kuwa la njano. Jani likilegea anasema, "Anaumwa huko aliko," na anamimina tena. Jani likidondoka analia siku nzima, hali kitu. Ikafika siku chungu kikaanza kusema. Usicheke. Ukiweka sikio karibu unasikia kitu chini kinachemka taratibu, kinapumua, kinanong'ona kama mtu mwenye homa. Mama mkwe alikuwa akiweka sikio lake pale, kisha anajibu. "Ndiyo, mwanangu. Yupo. Anakua." Alikuwa akijibu maswali juu ya Nashipai.

Na Nashipai hakuwa akikua. Nisikilize hapa vizuri. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka kwa huzuni, mtoto alikuwa akiishi kwa maziwa ya ng'ombe na mtori mwepesi wa ndizi. Ng'ombe wetu alikuwa mmoja tu aliyekamuliwa. Kilichobaki baada ya chungu kushiba ndicho alichopewa mtoto, na kila siku kilipungua. Mbavu zake zilianza kuonekana. Alipolala mchana, visubi vilikuja kumkalia puani na pembeni mwa midomo, na bibi yake akanizuia kuvifukuza. "Mwache baba amnuse mwanawe," aliniambia. Mimi nilikuwa mke aliyeletwa nyumbani kwa watu, na mama mkwe habishiwi. Niliurudisha mkono wangu. Usiku na mchana nilikuwa na hofu kwamba Nderingo amekuja kumchukua binti yake, na hofu hiyo ilinifanya nimchukie mtu niliyekuwa nikimpenda.

Aliyekuja kutukemea alikuwa dada mkubwa wa mama mkwe. Tulimwita Koko Naetwe, koko ndiyo bibi kwetu. Aliolewa upande wa magharibi wa mlima, kwa Waarusha, na alikuwa na ulimi usioogopa. Alikuja kutazama hayo maajabu aliyosikia sokoni. Hakuketi. Alinusa tu.

"Kuna kitu kimeoza humu," akasema.

"Shikamoo, dada," mama mkwe akasema. "Karibu. Ukimwita kwa jina atakuja."

Koko Naetwe akainama juu ya chungu. Hakuita jina la mtu yeyote. Alipuliza tu pumzi, puu, na visubi vikapanda vikamjaa usoni vilevile. Akavikung'uta kwa upindo wa shuka.

"Umeona? Sikumwita mtu. Hivi vinafuata pumzi, na vinazaliwa kwenye tope lililochacha. Vimewahi kunimalizia miche ya tumbaku. Umemlundikia mwanao maziwa mpaka mizizi yake imekosa pa kupumulia. Toboa chungu hiki maji yatoke."

Nilimwona mama mkwe akibadilika rangi. "Nikitoboe? Unataka nimzike mwanangu kwa mkono wangu?"

"Nataka mmea upone na mtoto huyu anywe maziwa. Mtazame mbavu zake, mdogo wangu."

"Toka nyumbani kwangu."

Koko Naetwe alitoka. Lakini mlangoni alinigeukia akasema, kwa sauti ya kusikika ndani, "Na wewe bi harusi, ulimi umemwekea nani?" Neno lile lilinichoma na bado linanichoma.

Haikupita muda mrefu. Ilikuwa mchana, ukungu umeziba mlango, mimi nimetoka kukata majani ya ng'ombe. Nilisikia mama mkwe akipiga ukelele, nikatupa majani nikakimbia. Nilimkuta amesimama katikati ya nyumba, mikono kichwani. Nashipai alikuwa ametambaa peke yake hadi kwenye chungu. Amejishikilia ukingoni, uso umezama kwenye majani ya isale, na kichwa chake chote kimefunikwa na visubi, vyeusi, vinatembea. Alipotugeukia mdomo wake ulikuwa mweusi pia, na visubi vilikuwa vikiingia na kutoka humo.

"Amemwingia," mama mkwe akanong'ona. "Nderingo amemwingia mtoto."

Hata mimi niliamini, kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha Nashipai akatia mkono chunguni, akachota tope la maziwa, akalipeleka mdomoni na kulinyonya. Akachota tena.

Ndipo nilipopata ulimi. "Mama," nikasema, "ana njaa. Anakula udongo kwa sababu una maziwa."

Mama mkwe alimtazama mjukuu wake. Sijapata kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu namna ile. Kisha akaenda ukutani akachukua kile chuma cha kutobolea ngozi, akachukua na jiwe. Akamwondoa mtoto taratibu, akanipa. Akakilaza chungu ubavu, akaweka chuma kwenye kitako, na kabla ya kugonga akasema, "Nisamehe, baba." Akagonga.

Kilichotoka kilikuwa cheusi chenye uvundo, kilitoka kwa mlio wa kuguna, na visubi vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba vilipanda kwa pamoja vikaelekea kwenye mwanga wa mlangoni. Ukungu ukavimeza. Mama mkwe alivisindikiza kwa macho, halafu akafungua kinywa akalia kilio cha msiba, kile ambacho hakuwa amekilia tangu mwanawe aondoke. Watu walitoka migombani wakaja. Hakuna aliyeuliza nani amekufa, kwa sababu walikiona chungu.

Jioni ng'ombe alipokamuliwa, mama mkwe alimpakata Nashipai mwenyewe na kumnywesha maziwa yote mpaka akacheua.

Koko Naetwe aliitwa, akarudi bila kinyongo, au labda nacho, lakini alikiacha mlangoni. Aling'oa isale akatuonyesha mizizi. Kati yake vilikuwa vinajinyonganyonga vifunza vidogo, vyeupe kama uzi, vichwa vyeusi. Hao ndio watoto wa visubi, alisema, na ndio waliokuwa wakiutafuna mmea huku sisi tukilia kwamba Nderingo anaumwa. Alikata mizizi iliyooza, akaacha mizima. Udongo ule mchachu akautupa mbali. Akaleta udongo mkavu, akauchanganya na mchanga wa mtoni aliokuwa ameukaanga motoni, akaweka vigae juu ya tundu, na juu kabisa akatandaza mchanga mtupu. Akakisogeza chungu karibu na mlango kipate mwanga. Akatukataza kumwagilia mpaka kidole kikiingia udongoni kitoke kikavu.

Visubi vikaisha kidogo kidogo. Siku moja isale likatoa jani jipya katikati, jembamba, la kijani kabisa. Mama mkwe alipoliona alipiga magoti akaweka sikio kwenye chungu kama zamani. Niliogopa.

"Kumenyamaza," akasema.

"Amelala," dada yake akamjibu.

Lile isale tulilihamishia nje baada ya mvua, na ndilo hilo lililo kwenye mpaka wetu na jirani, ambalo ukija unaliegemezea mwavuli wako. Usiegemeze tena. Nderingo hana kaburi jingine.

Sasa shika nasaha yangu, mwanangu. Makopo yako yatoboe chini, kila moja, na usiyaache yakae kwenye maji. Kabla ya kumwagilia tia kidole udongoni, na ukiona unyevu acha. Majani yaliyodondoka yaokote. Usimwage humo makapi ya chai wala maziwa wala mchuzi, na samadi isiyooza vizuri usiitie. Tandaza mchanga mkavu juu, visubi havipendi kutagia mahali pakavu. Hayo ni ya makopo. La pili unalijua kabla sijalisema. Mtoto akilia mgongoni, mpe yeye kwanza, ua lisubiri. Na lile kopo la mwisho, ambalo hukulitoboa kwa kuogopa msumari utaigusa zawadi ya mtu, nililiona. Litoboe kwa mkono wako mwenyewe.

Mungu aliyetutunza chini ya mlima huu akutunze na wewe. Akupe mkono unaojua kumimina na unaojua kuacha. Mwanao ashibe na akue, avuke miaka yangu. Yule unayemsubiri arudi akukute mzima, na kama harudi, uletewe habari mapema upate kulia.