Niliacha Septrin kwa Sababu ya Maneno ya Kanisani

Makosa ni yangu, wacha nianze hapo. Rafiki yangu aliniuza, ndiyo, lakini mkono uliomwaga dawa chooni ni huu wangu.

Mimi na mzee wangu, baba Muriithi, tunaishi na virusi vya ukimwi. Tulijua kitambo, tukakubali. Mimi ni wa Kanja, Embu ya juu kwenye baridi, lakini niliolewa huku chini Embu ya ukame. Huku mvua ikinyesha tu, mbu ni wengi ajabu.

Nikiwa na mimba ya pili, nesi aliniambia, "Mama, meza ARV, na Septrin usiache hata siku moja. Inakukinga na mengi, hata malaria. Na ulale kwa neti."

Mpaka mwezi wa tano wa mimba nilifuata yote.

Nje ya nyumba yetu, siri hiyo aliijua mtu mmoja tu. Nitamwita Rose. Tuliimba kwaya pamoja, na mtoto wake nilimsimamia mimi akibatizwa. Jumapili moja baada ya ibada naingia kwa chai, akina mama wakanyamaza ghafla. Mmoja akanipa kikombe cha plastiki. Wengine wote walikuwa na vya kawaida. Wueh!

Nikamfuata Rose nje. "Uliwaambia?"

"Niliwaambia tu ndio wakuombee," akasema, bila aibu.

Wakuombee!

Wiki hiyo wale mama wa kanisa wakaja kunitembelea. Nikaona mmoja anakodolea macho kabati langu lenye dawa. ARV ningeificha, ni kidonge kimoja kwa siku. Lakini zile tembe kubwa nyeupe za Septrin kila mtu huku anazijua kuwa ni za wenye virusi. Walipotoka tu, nikazimwaga zote.

Kila jioni mzee aliuliza, "Mama Muriithi, umemeza?" Namjibu ndiyo. Nesi naye akiuliza, ndiyo. Neti nililalia, lakini mbu wa huku wanakuuma ukiwa bado jikoni.

Mwezi wa saba homa ikanishika, natetemeka mpaka kitanda kinalia. Hospitali wakapima damu: malaria. Nikazaa kabla ya siku. Msichana. Aliishi siku mbili.

Rose alikuja mazishini akalia kunishinda. Sikumtazama.

Lakini kinachoniua ni mzee wangu. Alinishika mkono akasema, "Usijilaumu. Ulifanya yote uliyoambiwa." Jameni! Mpaka leo hajui.

Dada yangu mwenye mimba, watu wakijua, wacha wajue. Watakusema wiki mbili, halafu watapata mwingine. Meza dawa yako mbele yao ikibidi! Na kama ulishaacha, usimdanganye nesi kama mimi. Mwambie tu, "Niliacha." Atakufokea, halafu atakupa zingine.

Mtoto wangu saa hii angekuwa anatembea.