Mgongo Wangu Ulivyopona Siku ya Sabato

Sabato iliyopita nilituma ujumbe kanisani kwetu Sironga kwamba naumwa mgongo, hata kuinuka siwezi. Mgonjwa mahututi mimi nikabeba mashine ya kuchomelea hadi Nyansiongo, nisikojulikana, kutoa bolti iliyokatikia ndani ya injini ya gari la kukodi. Nilichomelea nati kwenye kipande kilichobaki, nikavuta spana kwa huo mgongo mbovu mpaka kikatoka. Nikashangilia kama aliyefunga bao.

"Fundi, wewe ni moto!" dereva akasema. "Ngoja niite abiria wangu, wako nyumba hiyo wanaombea mgonjwa."

Akatoka mzee wa kanisa letu na akina mama watatu.

"Ndugu Nyakundi," akasema kwa upole, "mgonjwa tuliyekuwa tunaenda kumwombea baada ya huyu ni wewe."